Kiimbacho Nacho Huona Kiu

Kiimbacho nacho huona kiu.

Asubuhi ya leo mmeyasikia maneno hayo kinywani mwa shangazi yenu, baada ya mmoja wenu, ambaye simtaji, kuuchukua mtungi mdogo unaokaa chini ya gitaa la babu yenu na kuutumia kuzuia mlango usijifunge. Mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Kaeni wima. Mwenye swali alishike mpaka nimalize.

Methali hii ilianza hivi. Ulikuwa mwaka wa 1966, katika kiangazi, mwezi wa Juni, babu yenu Hoza alipohamishwa kutoka Muheza kwenda Ugogo, awe karani wa simu katika kituo kidogo cha reli kilichoitwa Chilungule. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Alishuka kwenye treni akiwa na sanduku moja la nguo, godoro lililokunjwa, na gitaa lililofungwa kwa blanketi mbili kama mtoto mwenye homa.

Gitaa hilo halikuwa lake. Lilikuwa amana.

Baba yangu, fundi Semkiwa, alikuwa seremala wa milango na vitanda, lakini maishani mwake alitengeneza magitaa matatu. La kwanza liliharibiwa na masika. Ninyi hamwijui masika ya Muheza ya wakati ule: kuta ziliota ukungu, chumvi iligeuka maji, na gundi ya gitaa lile ililegea hadi mgongo ukabanduka wote kama ganda la ndizi. La pili alilitoa kwa ndugu yake. La tatu ndilo hilo mnaloliona ukutani. Mgongo wake ni wa mvule, na uso wake ulitokana na ubao wa ndani wa piano kuukuu iliyoliwa na mchwa, ambayo baba aliinusuru isifanywe kuni.

Hoza alipoleta posa, baba hakukataa wala hakukubali. Aliliangua gitaa hilo ukutani akamkabidhi.

"Chukua," alimwambia. "Si zawadi, ni amana. Mwezi wa Oktoba utakaporudi, ulipige mbele yangu. Nikisikia sauti yake imepungua, nitajua kwamba mtu aliyeshindwa kutunza kitu kisichokula wala kunywa hataweza kumtunza binti anayekula na kunywa."

Kisha akampa sharti moja: gitaa na maji havikai nyumba moja. Lining'inie mahali pakavu, likiwezekana karibu na joto la moto. Kila aliyemjua baba alijua kwamba sharti hilo alilinunua kwa hasara ya gitaa lake la kwanza, na kwa Muheza lilikuwa sharti sahihi kabisa.

Nami nilikuwa mlangoni, nikisikia hatima yangu ikifungwa kwenye blanketi. Sikuulizwa. Hata hivyo nilimwambia Hoza alipopita, "Litunze, bwana. Sitaki kuolewa na muuza nazi." Maana muuza nazi naye alikwisha kutuma mjumbe.

Haya mengine sikuyashuhudia. Niliyapata kwa babu yenu na kwa Bibi Mwaja mwenyewe, na masimulizi yao hayakupishana isipokuwa mahali pamoja, ambapo nitawaonyesha.

Kule Chilungule, babu yenu alipewa chumba chenye paa la bati nyuma ya kituo. Alipigilia msumari juu ya jiko la mkaa akalining'iniza gitaa hapo, akaona ametimiza sharti kwa ukamilifu. Kila siku, baada ya treni ya alasiri kupita, alilileta barazani akapiga nyimbo tatu au nne, akalifuta vumbi kwa kitambaa laini, akalirudisha juu ya jiko. Hapakuwa na mtu aliyelipenda gitaa kuliko yeye. Kumbukeni hilo. Kosa lake halikuwa uzembe.

Karibu na baraza hiyo aliketi mwanamke mfinyanzi aliyewauzia wasafiri vyungu na mitungi. Ndiye Bibi Mwaja. Alikuwa mjane wa mpiga zeze, mwenye mikono mikavu na maneno machache. Kabla ya kuuza chungu chochote alikigonga kwa kifundo cha kidole, akakitega sikio, na mara nyingine akakiweka kando ingawa macho hayakuona dosari yoyote. Wasafiri waliokiomba hicho kilichowekwa kando kwa bei nafuu walikataliwa.

"Kina ufa," aliwaambia. "Haujafika machoni, lakini uko njiani."

Juni ikapita, Julai ikapita. Agosti upepo ulikausha kila kitu. Vyanzo vya maji vilikauka, na wanawake wa Chilungule wakaanza kwenda korongoni alfajiri, kuchimba mchanga kwa mikono hadi kiwiko, kisha hadi bega, na kusubiri maji yajikusanye shimoni kwa unyonge. Kibuyu kimoja kilichukua muda mrefu kujaa. Wafanyakazi wa reli waliletewa maji kwa behewa la tangi kila wiki, lakini wanakijiji hawakuwa na tangi.

Gitaa nalo likaanza kubadilika. Mwanzoni babu yenu aliona ncha za vyuma vya shingoni zikimchoma vidole, kana kwamba zimeota miiba. Kisha nyuzi zikaanza kuvuma vibaya, zikigusa vyuma zisipopaswa kugusa. Akadhani nyuzi zimezeeka. Akaagiza nyingine kutoka Dodoma, akazifunga, akazikaza, na mvumo ukazidi. Akazikaza tena.

Siku moja alasiri, Bibi Mwaja aliacha kufunga mzigo wake akasimama mbele ya baraza.

"Mbukwa, karani," alimsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, bibi. Karibu."

"Nimekusikiliza tangu ulipokuja. Gitaa lako lilikuwa likizungumza kwa tumbo. Siku hizi linazungumza kwa pua."

Babu yenu alicheka. "Ni nyuzi, bibi. Bado ngeni, zitazoea."

"Si nyuzi. Nipe niliguse."

Hakutaka, lakini alilelewa vizuri, na mwanamke huyo alikuwa na umri wa mama yake. Akampa. Bibi Mwaja hakugusa nyuzi hata moja. Aligeuza kidole akagonga uso wa gitaa polepole, kutoka juu hadi chini, sikio lake likiwa karibu na tundu. Alipofika chini ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, alisimama akagonga mara mbili.

"Hapa," alisema. "Lina kiu. Lina ufa ulio njiani. Leo hii legeza nyuzi zako ulilete kwangu, tulining'inize karibu na mtungi wa maji."

Hapa ndipo masimulizi yanapopishana. Babu yenu alidai hadi kufa kwake kwamba alijibu kwa adabu. Bibi Mwaja alisema alipaza sauti hadi mbuzi wakageuka.

"Karibu na maji!" alisema Hoza, kwa sauti mnayoichagua wenyewe. "Bibi, hiki si chungu. Fundi aliyelitengeneza aliniapisha nisiliweke nyumba moja na maji. Wewe umetengeneza magitaa mangapi?"

"Hata moja."

"Basi."

"Basi," alisema Bibi Mwaja, akajitwika mzigo wake akaenda zake.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa saba mchana, bati lilipokuwa likilia kwa joto, babu yenu akiwa mezani akipokea habari za treni ya mizigo, alisikia mlio chumbani mwake kama wa tawi kavu linapokanyagwa. Alimaliza kupokea habari, maana kazi ni kazi. Kisha akaenda chumbani.

Uso wa gitaa ulikuwa umepasuka kuanzia chini ya daraja hadi karibu na ukingo. Ufa ulipitisha ukucha. Alipogusa uzi mmoja tu, sauti iliyotoka ilikuwa ya debe.

Alikaa sakafuni. Alihesabu majuma yaliyosalia kabla ya Oktoba, akapata saba. Alinifikiria mimi. Nina hakika alimfikiria na muuza nazi. Jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba hakuona kosa lake. Alikuwa ametii kila neno. Kama angelitupa mvunguni akalisahau, angejua la kujilaumu, lakini yeye alilipasua kwa utii na kitambaa laini.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kujaza ufa huo kwa gundi na rangi, na kumwomba Mungu masikio ya mzee Semkiwa yawe yamezeeka. Ya pili ilikuwa kuvunja sharti la aliyelijenga na kuliamini sikio la mwanamke ambaye hakuwahi kulishika gitaa isipokuwa mara moja.

Jua lilipopungua ukali alivaa kofia yake, akalifunga gitaa katika blanketi, akaenda kwa Bibi Mwaja. Alimkuta akikanda udongo. Hakuketi.

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Ule ufa umefika."

Bibi Mwaja alinawa mikono kwa maji kidogo sana, yale yale aliyokwisha kunawia mara nyingi siku hiyo. Hakumwambia, "Nilikuonya." Wapo watu wachache wasiolisema neno hilo, nami najitahidi niwe miongoni mwao. Alimwongoza ndani ya nyumba yake ya tembe. Ndani palikuwa na giza na ubaridi. Kwenye kona ulikaa mtungi mkubwa wa maji, umetota jasho pande zote kama mitungi mizuri ifanyavyo, na juu yake, kwenye kigingi, lilining'inia zeze la marehemu mume wake.

"Kila kiangazi lilikaa hapo," alisema. "Mume wangu alisema mti ukikatwa hauachi kunywa. Hunywa kidogo kidogo, kutoka hewani. Hewa ya kwenu ina maji, nanyi mnahofia mti usilewe. Hewa ya kwetu haina kitu. Huyo fundi wako hakukosea. Alisema ya kwao."

Alilegeza nyuzi zote hadi zikalala. Alilining'iniza gitaa kando ya zeze. Kisha alichukua kigae kikubwa, akakijaza mchanga, akaumwagia maji ukalowa, akakiweka chini yake. Akamkataza babu yenu kutia gundi.

"Ukiuziba ufa sasa, utapasuka pembeni. Kwanza linywe. Likishiba litajifunga lenyewe, ndipo utie gundi."

"Litakunywa kiasi gani, bibi?"

"Kibuyu kimoja kila siku mbili, kwa ajili ya mchanga na mtungi."

Babu yenu alijua kibuyu kimoja kilimaanisha nini kiangazi kile. "Nitakuletea maji ya tangi," alisema.

"Tangi lilikuja jana, nalo halirudi kabla ya wiki. Gitaa lako halina wiki. Nenda kazini."

Habari haikukawia kuenea. Jirani mmoja, Mzee Mbeleje, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alikuja kusimama mlangoni akiwa na fimbo yake.

"Mwaja, ni kweli unaunywesha ubao?"

"Ni kweli."

"Mbuzi wangu wanalamba mawe, na wewe unaunywesha ubao wa mtu wa pwani! Na jioni je, utausongea ugali?"

Watu walicheka. Babu yenu, aliyekuwa amekuja kulitazama gitaa, alitamani ardhi immeze.

"Mbeleje," alisema Bibi Mwaja bila kuinua kichwa kwenye udongo wake, "tangu Juni umekuwa ukija kuketi pale kituoni kila alasiri, nawe huna safari wala mgeni. Unafuata nini?"

Mzee Mbeleje alikohoa. "Nafuata upepo."

"Unafuata gitaa. Miezi miwili limekuimbia, nawe hukuliuliza limekunywa nini. Kiimbacho nacho huona kiu."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kusemwa. Mzee Mbeleje akatikisa kichwa, akaondoka. Kesho yake mke wake alikuja na kibuyu kisichojaa vizuri, akakiweka mlangoni bila kusema ni cha nini.

Siku ya nane ukucha haukupita tena ufani. Siku ya kumi na tano ulikuwa mstari mwembamba kama unywele. Siku ya ishirini na nne Bibi Mwaja aligonga uso wa gitaa, kutoka juu hadi chini, akafika chini ya daraja, akapita bila kusimama.

"Limeshiba," alisema.

Babu yenu alichemsha gundi ya kwato, akaziba unywele ule, akabandika kwa ndani kiraka kidogo cha mbao ili kiushikilie. Siku mbili baadaye alifunga nyuzi, akazikaza polepole, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Alipopiga mara ya kwanza mbele ya nyumba ile ya tembe, sauti ilitoka nzito, ya tumboni, na Bibi Mwaja alifumba macho. Kisha akampa mtungi mdogo aliokwisha kuuchoma kwa ajili hiyo. "Chumbani kwako lisikae peke yake," alimwambia. "Na jiko ulihamishe."

Oktoba ilifika, naye akaja Muheza. Baba aliketi kwenye benchi lake la useremala, katikati ya maranda. Alisikiliza nyimbo tatu bila kutikisika. Nami nilikuwa mlangoni tena, kana kwamba sikuwahi kuondoka hapo. Baada ya wimbo wa tatu alinyoosha mkono. Aliligeuza gitaa, akalipeleka kwenye mwanga, akachungulia tunduni, akaingiza vidole viwili. Akakipata kile kiraka.

"Hiki sikukiweka mimi."

"Hapana, baba. Nilikiweka mimi. Lilipasuka."

"Ungaliweza kuninyamazia," alisema baba. "Sauti haikupungua."

"Ni amana, baba. Na si hilo pekee. Nilivunja sharti lako. Nililiweka nyumba moja na maji siku ishirini na nne, nalo likapona." Akasimulia yote, tangu kifundo cha kidole cha Bibi Mwaja hadi fimbo ya Mzee Mbeleje, bila kujipendelea.

Baba yangu alikuwa mtu mkali, na ukali wangu mmeujua kwa sababu yake. Lakini alikuwa mkweli zaidi ya kuwa mkali. Alilikunjua lile neno polepole: "Kiimbacho nacho huona kiu." Akalirudia. Kisha akasema, "Nilikufundisha hali ya hewa ya Muheza nikidhani nimekufundisha gitaa. Nilikwambia halili wala halinywi. Nimekosea." Akamrudishia. "Sasa si amana tena. Mwantumu, toka hapo mlangoni, umeshasikia. Ndoa itakuwa Ijumaa."

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na yale maji ya mama wa watu, umeyalipa?"

"Bado, baba. Nilimpelekea ya tangi, akayakataa."

"Basi hujayamaliza. Nendeni mkayamalize."

Tulifika Chilungule katikati ya Novemba. Mawingu yalikuwa yameanza kupita juu bila kushuka. Nilimsalimia Bibi Mwaja kwa kupiga goti, naye akanitazama kuanzia utosini hadi vidoleni, nikadhani atanigonga kusikiliza kama nina ufa. Hoza akamwomba amwambie namna ya kulipa.

"Maji yangu yalichimbwa," alijibu. "Hayakufunguliwa kwenye bomba. Tena fanya haraka, kwa kuwa maji ya mvua hayalipi maji ya kiangazi."

Vibuyu vilikuwa kumi na viwili. Babu yenu aliingia korongoni alfajiri ya kesho yake, akiwa katika sare yake ya kaki, akapiga magoti kati ya wanawake akaanza kuchimba. Hakujua hata kusuka ngata ya kuwekea mzigo kichwani. Mimi ndiye niliyemsukia.

"Karani!" walimwita wanawake wakicheka. "Simu imeangukia mchangani?"

"Imeangukia, shemeji zangu," aliwajibu, mkono ukiwa ndani ya shimo hadi begani. "Nawasikia walio chini wakisema ngoja kidogo."

Walicheka, wakamwonyesha mahali ambapo mchanga hutoa maji upesi. Kila siku kabla ya zamu yake alipeleka kibuyu kimoja, na kila siku alirudi shati likiwa limelowa kwa sababu hakujua kutembea bila kumwaga. Mara mbili alimwaga nusu nzima njiani, akarudi kuchimba upya, ingawa hapakuwa na mtu aliyeona.

Siku ya kumi na mbili mawingu yalikuwa meusi upande wa mashariki. Alikileta kibuyu cha mwisho, akakiinamisha juu ya mtungi mkubwa ulio chini ya zeze, akamimina hadi tone la mwisho. Bibi Mwaja aligonga ubavu wa mtungi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Umejaa," alisema. "Hunidai, sikudai."

Mvua ilinyesha kabla hatujafika nyumbani.

Sasa mnaelewa kwa nini mtungi ule hauzuii milango. Naona mmoja wenu ameinuka kimya akaenda kuuchukua, nami bado simtaji. Uujaze hadi shingoni, usifike mdomoni, uurudishe palepale ulipoutoa. Na nyinyi wengine, mkimwona mtu anayewafurahisha kila siku, awe mama yenu jikoni au mwalimu wenu ubaoni, msingoje apasuke ndipo mkaulize amekunywa nini.

Kiimbacho nacho huona kiu.